Sheria ya Simu Katika Behewa la Pili

Jumatatu, 4 Juni

Kwako, Mama Rangi,

Leo nimeamua. Imetosha!

Adui yangu ni Dalali. Humjui. Alianza kupanda treni yetu ya asubuhi baada ya wewe kuondoka. Koti la kahawia, simu tatu, viatu vinavyong'aa kuliko sahani zetu. Anaingia kituo cha nne, anaketi mbele yangu, anabonyeza spika, na kuanzia hapo behewa lote la pili linahamia kwenye nyumba za watu. Tunajua bafu la nani linavuja. Tunajua nani kahama na funguo. Juzi mteja mmoja alitaka nyumba isiyo na kelele za watoto, na Dalali akamkumbusha, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, kwamba yeye mteja mwenyewe ana watano.

Ningevumilia. Lakini ile safari ni yangu na wewe. Kila asubuhi nafumba macho, nachagua kumbukumbu moja, naitazama polepole mpaka mjini. Leo nilichagua siku ulipopaka mlango wetu rangi ya kijani. Nilikuwa nimefika pale paka anapojisugua mlangoni na kuondoka na ubavu wa kijani, nawe umeshika brashi, unacheka mpaka umekaa chini. Ndipo nikasikia: "Choo kiko ndani au nje?"

Kumbukumbu ikakatika. Sikuipata tena.

Mbinu ya kwanza, basi. Kumjibu! Aibu itamfunza. Dalali akamuuliza mtu wake wa kwenye simu yuko wapi. Nikajibu mimi, kwa sauti, kwamba niko hapa. Akauliza kama ameshakunywa chai. Nikasema bado. Watu wakacheka. Nikajua nimempata.

Sikumpata. Alikata simu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema siku nyingi anatamani kuongea na mimi, ila kila akinitazama naonekana nimelala. Kisha maswali! Naishi wapi? Nina jirani mzuri? Sikutaka anijue. Nikamwambia naishi upande wa pili wa reli, nyumba ya geti, mbwa wawili. Akauliza shemeji yake, yaani wewe, hajambo. Hajambo, nikasema. Yuko nyumbani, anapaka rangi.

Ilitoka yenyewe, Mama Rangi. Na ikishatoka, utairudishaje?

Nimefika nyumbani, simu nimeiacha ndani ya kopo la vifungo, imezimwa. Tangu zile siku za hospitali sipendi kuisikia ikilia. Anayenitaka anajua mlango. Mkataba wa nyumba unaisha mwezi huu, lakini Mama Mwenye Nyumba hajawahi kutusumbua, hata alipohamia kwa binti yake. Sina wasiwasi na lolote isipokuwa Dalali.

Jumanne, 5 Juni

Ushindi! Kisha balaa. Niandike kwa utaratibu.

Unamkumbuka Mlinzi, yule wa benki anayepanda kituo cha kwanza na kukaa mlangoni. Behewa bado linamtii. Dirisha lifungwe au lifunguliwe, mzigo ukae juu au chini, yeye anagonga sakafu kwa rungu, watu wanainua mifuko, mifuko ikiwa mingi jambo limepita. Atakayevunja anasimama mlangoni mpaka kituo cha mwisho. Wewe mwenyewe ulisimama, siku kopo lako la rangi lilipomwagikia viatu vya watu. Ulisimama unawapungia mkono kama malkia. Bado wananiuliza habari zako. Nilishawaambia umeacha kazi.

Leo nilimwendea Mlinzi mapema na hoja yangu. Anayeongea na simu aongee asikike na simu tu. Spika marufuku. Akanipa nafasi nihutubie. Sijui maneno yalitoka wapi! Nilisema behewa si ofisi, si uwanja wa mpira, wala si sebule ya mtu. Nesi, anayerudi kutoka zamu ya usiku akiwa na macho mekundu, alipiga makofi. Aliuliza jambo moja tu, sheria hii ni ya wote, hata aliyeileta? Nikasema huyo ndiye wa kwanza! Mifuko ikapanda. Hata mwenye gunia la vitunguu alijitahidi.

Dalali hakuwepo, yeye ni wa kituo cha nne. Akaingia, akaketi, hana habari. Simu ikalia. Nikafumba macho kusubiri rungu, natabasamu kama bwana harusi.

"Ndiyo, mama. Ile ya mlango wa kijani, karibu na karakana ya baiskeli. Yule mzee aliyefiwa na mkewe. Nimekuelewa, mama. Ijumaa ndiyo mwisho. Kama mpaka Ijumaa hajajibu, basi huyo mzee itabidi..."

Kwa! Rungu sakafuni. Behewa zima: "Shhh! Sheria!" Nesi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Itabidi nini? Itabidi nini!

Dalali aliduwaa. Wakamweleza. Akaomba radhi, akazima spika, akafunika mdomo kwa kiganja, akaendelea kwa kunong'ona. Muungwana kabisa! Nani alijua? Nilikikazia macho kile kiganja. Nilitega sikio mpaka shingo ikauma. Nikaambulia "chumba cha mbele". Nikaambulia "atoe vitu". Basi.

Chumba cha mbele! Makopo yako yote yamo mle. Brashi yako imekauka ndani ya kopo kama mfupa, sijaichomoa. Ukuta uko nusu njano, nusu haujapakwa, pale ulipoketi kupumzika na kusema utamalizia kesho. Nani atoe vitu? Aviweke wapi?

Kazini dukani nilimuuzia mama mmoja zipu ya hema, naye amekuja kutafuta zipu ya sketi. Alirudi nayo mchana. Tajiri aliniuliza kama naumwa. Nikasema ni joto. Akatazama nje, mvua inanyesha.

Jumatano, 6 Juni

Najua unachosema. Unasema: muulize, baba, mdomo unao.

Rahisi kwako! Nimuulizeje? Nimwambie mlango wa kijani ni wangu, mzee mwenyewe ni mimi, mbwa hawapo, na yule shemeji yake anayepaka rangi nyumbani... Mama Rangi, lile neno sijawahi kulisema kwa mdomo wangu. Mazishini walinisemea. Kazini alinisemea Tajiri. Majirani walijua wenyewe. Sitaanzia kwenye treni, kwa mtu mwenye simu tatu.

Kwa hiyo mbinu. Leo nilihama kiti nikakaa ubavuni kwake, karibu kabisa, nikajifanya nasinzia. Shingo ikalala kidogo kidogo upande wa simu. Alikuwa anaongea na yule mama, nina hakika, maana kila neno la pili ni "ndiyo, mama". Nimebakiza upana wa kiganja nisikie. Dereva akafunga breki!

Niliangukia mapajani pake. Sikio langu juu ya simu. Nikasikia wazi sauti ya mama mmoja ikiuliza kuna nini huko, mmepata ajali? Dalali akamjibu kwa upole kwamba hapana, ni rafiki yake mzee, amechoka. Kisha akakata simu ili nisisumbuliwe. Akavua koti akanifunika. Sikuweza kuinuka bila kujiumbua. Nilisafiri hivyo mpaka mjini, chini ya koti la adui, jasho linanitoka, macho nimeyafumba, mwenyewe niko macho.

Jioni mambo yamezidi kuharibika. Kabla sijafungua mlango, Fundi Baiskeli aliniita. Kuna bwana alikuja mchana, koti la kahawia. Alichungulia dirisha la chumba cha mbele, akalipima kwa mikono, akauliza anayekaa nyumba hii huwa anarudi saa ngapi. Fundi akamwambia jioni. Nikamuuliza Fundi kwa nini amemwambia. Akasema kwa sababu ni kweli.

Sijamaliza hata kuvua viatu, hodi! Nikazima taa. Nikakaa sakafuni jikoni nyuma ya kigoda chako cha buluu, kimya kama maji mtungini. Hodi tena. Akazunguka. Akasimama karibu na dirisha la jikoni, akapiga simu. Nikasema hapa nimempata, huku hakuna Mlinzi, huku hakuna rungu, ataongea kama alivyoumbwa.

Ananong'ona! Amezoea! Peke yake, barabarani, katikati ya karakana na mtaro, mtu yule amefunika mdomo na ananong'ona! Nilikuwa nataka kutoka nimkung'ute nimwambie aongee kama mwanamume. Sheria yangu imemharibu.

Akaondoka. Nilibaki pale sakafuni muda. Kile kigoda bado kina alama ya kidole chako chini, ulipokigeuza kabla hakijakauka.

Alhamisi, 7 Juni

Nimejaribu kuifuta sheria.

Nilisimama mbele ya Mlinzi nikasema nimetafakari. Nikasema watu wana shida zao, simu ni uhai, huenda tumekuwa wakali. Nikasema mtu akinong'ona sana koo linaharibika, nimesikia. Nesi akaniuliza nimesikia wapi. Nikasema kwa daktari. Akauliza daktari gani, nikataja hospitali, kumbe ndiyo anayofanya kazi yeye.

Mlinzi akagonga. Mfuko mmoja tu ulipanda. Wangu. Dalali, aliyekuwa ameingia sasa hivi, alikuwa wa kwanza kupinga! Alisimama akasema sheria hii imemfunza adabu, kwamba mke wa binamu yake amemsifu, kwamba hata wateja wanamwamini zaidi, wanadhani ana siri. Akasema ashukuriwe Mzee Kofia. Ndivyo wanavyoniita humu. Behewa likapiga makofi. Mmoja akaniita Baba wa Sheria. Nesi alishalala tena, mdomo wazi, ametulia kama mtoto.

Nikakaa. Kesho ni Ijumaa!

Jioni Shemeji alikuja na sufuria yake ya chakula, kama anavyofanya kila Alhamisi. Dada yako hajabadilika. Aliinua mfuniko wa kila kitu jikoni kwanza, ndipo akanisalimu. Akaniuliza mbona nimekondeana usoni. Nikamweleza yote, isipokuwa lile la shemeji yake Dalali anayepaka rangi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

Akasema: "Sasa shemeji, si umuulize tu?"

Nikamwambia hajui mambo ya mikakati. Akasema kweli hajui. Akasema basi nimpigie simu Mama Mwenye Nyumba. Nikamwambia simu iko kwenye kopo. Akaangalia mlango wa chumba cha mbele, uliofungwa. Akasema taratibu kwamba hata yeye hupita mbele ya mlango ule haraka haraka. Kisha akanitilia chakula kingi kuliko ninachoweza kula, akakaa pembeni kuhakikisha.

Alipoondoka nilifungua chumba. Nilisimama tu mlangoni. Harufu ya rangi bado ipo. Wakija na mtu wao, itatoka siku ya kwanza, madirisha wazi, dekio, dawa ya sakafu. Ndicho wanachokuja kuchukua, wala hawakijui.

Lakini nimepata mbinu. Hii ni nzuri. Namba ya Dalali imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mkoba wake, kubwa hata asiyesoma anaisoma. Nitampigia. Nitakuwa mteja!

Ijumaa, 8 Juni

Tarehe nimeikosea mara mbili nikaifuta. Nitaandika hivyo hivyo.

Asubuhi niliitoa simu kwenye kopo, nikaichaji, nikaiwasha. Ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Sikusoma hata mmoja. Siku ya vita hakuna nafasi ya kusoma.

Nikaketi kiti cha mwisho, karibu na choo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, leso mdomoni. Nilishajifunza sauti ya Tajiri, ile inayotokea puani. Kituo cha nne Dalali akaingia. Akatazama kiti changu kitupu, akatazama huku na huku, akaketi. Nikapiga.

Akapokea, kiganja mdomoni. Nikasema kwa pua kwamba mimi ni mfanyabiashara, nasikia kuna nyumba ya mlango wa kijani karibu na karakana ya baiskeli. Je, ipo wazi? Akanong'ona kitu. Nikasema sijasikia. Akanong'ona tena. Treni inagonga, madirisha yanatetema, naambulia "huyo mzee" na "mpaka leo". Nikabana simu sikioni. Nikasema aongeze sauti. Akasema haruhusiwi! Nikasema aongeze kidogo tu. Akasema kuna sheria! Leso ikanidondoka. Tajiri akanitoka puani. Nikapiga kelele:

"SEMA KWA SAUTI, BWANA! WANAMFANYA NINI HUYO MZEE?"

Treni ilikuwa imesimama. Kituoni. Hakuna kinachogonga, hakuna kinachotetema. Sauti yangu peke yake, kutoka ukuta mpaka ukuta.

Kwa! Rungu.

Shingo zote zikageuka. Nesi akaamka akasema, "He! Mzee Kofia?" Mwenye vitunguu akasema Baba wa Sheria kaivunja sheria, akacheka mpaka akashika gunia. Mlinzi akaniuliza nampigia nani. Kila mtu akaona kwamba watu wenye simu sikioni ni wawili tu, mimi huku na Dalali kule.

Dalali hakuikata. Alisimama, ananitazama, akaniuliza kupitia simu, kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, nyumba ya mlango wa kijani unaitakia nini? Wewe si una geti?"

Ningeweza kukata. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ningeshuka kituo kile, nipande treni nyingine, behewa jingine, maisha yangu yote yaliyobaki. Lakini ni Ijumaa, na kile chumba.

Nikasema sina geti. Nikasema sina mbwa. Ule mlango wa kijani ni wangu, aliupaka mke wangu.

"Amefariki," nikasema.

Nililisema ndani ya simu, Mama Rangi, na kwa sauti, maana nilikuwa nimesahau kuishusha. Behewa zima limesikia. Treni ikaanza kuondoka. Mlinzi aliliweka rungu lake chini. Akauliza, yule mama wa kopo la rangi? Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema viatu vyake bado vina doa. Kisha akageukia dirishani akaangalia nje.

Dalali naye akapata maneno. Kumbe ni mimi! Amenitafuta wiki nzima! Amekuja mpaka nyumbani, amegonga mpaka mkono umevimba! Simu haipatikani! Mama Mwenye Nyumba anapiga kila siku, hataki kuandika mkataba mpya bila kunisikia mwenyewe, na leo ndiyo mwisho kwa sababu mtoto wa kaka yake anaitolea macho nyumba yote. Alikuwa anayasema haya kwa kunong'ona, kwenye simu, huku tunatazamana.

Akampigia mama pale pale kwa simu yake ya pili. Akataka kuweka spika niisikie. Mlinzi akageuka kutoka dirishani: sheria. Basi simu ikapitishwa mkono kwa mkono, kutoka kwa Dalali mpaka kwa mwenye vitunguu, mpaka kwa Nesi, aliyesema "shikamoo mama, huyu anakuja" na kunikabidhi.

Mama Mwenye Nyumba alinigombeza kwanza. Ana haki. Akauliza baba, simu umeila? Nikamwomba radhi. Akasema pole, akasema anakukumbuka, kwamba hakuna mpangaji mwingine aliyewahi kumpakia rangi hadi mfereji wa maji. Akasema nikitaka kubaki nibaki, hana shida, ila kuna jambo nikubaliane nalo, kwamba chumba cha mbele...

Tukaingia darajani. Chuma kwa chuma! Nikasikia mlio wa mvua ya misumari na ndani yake sauti ya mama, mbali, ikieleza na kueleza. Nikaogopa atakata simu. Nikaogopa yule mtoto wa kaka.

"NIMEKUBALI, MAMA!" nikasema. "NIMEKUBALI YOTE!"

Tulipotoka darajani alikuwa anashukuru.

Simu ikarudishwa mkono kwa mkono. Mlinzi akanijia, akanipa mkono wa pole, akaushikilia. Kisha akaokota rungu akasema sheria ni sheria, nami nimepiga kelele kwenye simu mbili. Nikasimama mlangoni. Hata sikuona haya. Nesi alipaswa kuwa amelala, lakini alisimama pamoja nami akaninyooshea kofia.

Nyumba ni yangu! Mbinu imefaulu.

Jumamosi, 9 Juni

Asubuhi Dalali alifika na godoro kichwani. Nikamfungulia kwa furaha. Nikadhani ananisaidia kumleta huyo mpangaji wa chumba cha mbele, maana nilishaelewa kwamba ndilo lile jambo la darajani, kwamba chumba kipate mtu. Nimejikaza. Nimehamisha makopo yako chumbani kwangu, yamepangwa chini ya dirisha. Bora chumba kimoja kuliko kukosa nyumba. Nikamuuliza mpangaji mwenyewe yuko wapi.

Dalali akatua godoro. Akaangalia nyuma yake, kisha akaniangalia mimi.

Ni yeye!

Nikakaa kwenye kigoda. Akashangaa. Si mama alinieleza? Si nilisema nimekubali yote? Yeye ndiye aliyemwomba mama, na mama akasema hawezi kumwingiza mtu bila idhini ya mzee aliyefiwa, ndiyo maana wiki nzima alikuwa ananihangaikia. Amekuwa akilala kwenye ukumbi wa binamu yake, kati ya mlango na jokofu. Anawatafutia watu nyumba mji mzima, yeye mwenyewe hana. Akalisema hili akicheka, lakini macho yako chini.

Shemeji alikuja kusafisha. Alipoelezwa nani ni nani alicheka mpaka akaegemea fimbo ya dekio. Sikucheka.

Niseme ukweli mmoja. Dalali aliuliza kwa nini ukuta uko nusu njano. Nikamweleza. Alisogeza godoro lake upande wa pili, kile kipande kisiguswe, na nguo zake akazitundika kwenye misumari ya mlangoni. Shemeji alipotaka kufungua madirisha, akamwambia harufu ya rangi haimsumbui, amezoea nyumba mpya.

Jioni simu ya kwanza ikalia. Akaniuliza kwa heshima kama ile sheria inafika mpaka hapa. Nikasema, nikijisikia mkubwa, kwamba hapa ni nyumbani kwake, ajisikie huru.

Akabonyeza spika.

Jumapili, 10 Juni

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Ajabu. Haijatokea tangu uondoke. Jana nilipolala alikuwa bado anamweleza mtu habari za mabati, nikasema sitapata usingizi kabisa, na kuanzia hapo sikumbuki. Huenda ni uchovu wa kuhamisha makopo.

Lakini hali hii haivumiliki! Tangu asubuhi, bafu, geti, kisima, choo cha ndani, choo cha nje. Ukuta ni mwembamba. Nilikuwa nimechagua kumbukumbu nzuri kabisa, ya siku ulipokosea rangi ya kuta za jikoni na kusema ndivyo ulivyotaka. Nimefika katikati, nikasikia mtu akiuliza kama paa linavuja.

Shemeji amepita kuchukua sufuria. Akasema nimwambie tu apunguze sauti, ni mtu mwelewa. Kumwambia tu! Kama mtu asiye na akili!

Mimi nimefanya hivi. Nilimwendea kwa urafiki, nikamwambia mtandao wa humu ndani ni mbovu. Pazuri ni nje, nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji. Akanishukuru sana. Akachukua kiti akaenda. Kimya! Nikarudi kitandani, nikafumba macho, nikacheka peke yangu.

Kisha nikamsikia, karibu kuliko mwanzo. Tangi liko chini ya dirisha langu. Sikulifikiria hilo. Amerudi kuniambia kweli mtandao wa pale ni safi, hajapata kuona, na ameshawaambia wateja wake wote wawe wanamkuta pale. Fundi Baiskeli anamtengenezea benchi.

Si kitu. Kesho nitamwambia mtandao umehamia juu ya paa.

Sasa anaongea na mtu hapa dirishani, kuhusu nyumba yenye bustani. Anaisifu kweli. Ungeipenda. Naweka kalamu chini, Mama Rangi. Mimi nakukumbuka kila asubuhi, hata nikikatizwa. Na wewe huko uliko, ukipata nafasi, unikumbuke.